Ugonjwa ukivuka mpaka, hukumu tumwachie Mungu

Mei 2020, dereva wa lori aliyefika Malaba, Mutukula au Namanga hakutazamwa kama mtu anayeleta unga, mafuta au sabuni. Alitazamwa kama ndiye korona yenyewe. Alipimwa, akasubiri majibu kwenye foleni ndefu, na kila Uganda ilipotangaza wagonjwa wapya wa wiki zile, wengi wao walikuwa madereva. Tarehe 16 mwezi huo Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa malori ya mizigo. Mchuuzi mwenye gunia lake la vitunguu akakwama upande aliokuwa.

Katika hali hiyo Wakristo wengi waliuliza swali la zamani: Je, Mungu anatuadhibu? Na kama anaadhibu, anamwadhibu nani?

Serikali zetu zilishika njia tofauti. Rwanda, Uganda na Kenya zilifunga nyumba za ibada Machi 2020. Tanzania iliziacha wazi, ikatenga siku tatu za maombi ya kitaifa, 17 hadi 19 Aprili. Mimbarani nako palikuwa na sauti mbili. Moja ilisema hii ni fimbo ya Mungu kwa sababu ya dhambi. Nyingine ilisema mwenye imani haguswi, barakoa ni ya wenye mashaka. Sauti hizo zinapingana, lakini zinakutana mahali pamoja: zote mbili humfanya mgonjwa aonekane mkosefu. Ama ametenda dhambi, ama amepungukiwa imani.

Mpakani tunajua matokeo yake. Mtu akijua kuumwa ni aibu, hasemi. Anameza dawa za maumivu, anazima homa, anapita njia ya panya ili asipimwe, na Jumamosi yuko gulioni anahesabu noti pamoja nawe. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Hapa kilio hakimwumbui yeye peke yake.

Yesu mwenyewe alizungumzia jambo linalofanana na hili. Katika Luka 13 anataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Je, walikuwa wabaya kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu? Akajibu hapana, kisha akawageuzia waliosimama pale: nanyi tubuni. Hakufuta hukumu ya Mungu. Alichokataza ni kuisoma kwenye maiti ya jirani. Papa Francis alisema jambo la karibu na hilo tarehe 27 Machi 2020, akiwa katika uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro: huu ni wakati wetu wa kuamua lipi ni la maana na lipi linapita.

Wanaoshikilia kwamba Mungu huadhibu kwa tauni hutaja 2 Samweli 24. Ni kweli, humo tauni inaua watu 70,000 baada ya Daudi kuhesabu watu. Lakini soma hadi mwisho. Daudi hasemi waliokufa walistahili. Anasema kosa ni langu, hawa kondoo wamefanya nini? Kisha anakwenda kwa Arauna kutafuta mahali pa madhabahu. Arauna anataka kumpa bure uwanja wa kupuria pamoja na ng'ombe. Daudi anakataa kumtolea Mungu kitu ambacho hakikumgharimu, analipa shekeli 50 za fedha, na tauni inakoma. Mfanyabiashara anaielewa hesabu hiyo: toba ya kweli ina gharama, na anayeilipa ni yule anayetubu.

Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, Martin Luther hakukimbia. Alibaki akiwahudumia wagonjwa. Lakini aliandika pia kwamba watu watumie dawa, wafukize nyumba na waepuke kwenda pasipo na haja, wasije wakawa chanzo cha kifo cha wengine. Kwake, kujikinga hakukuwa upungufu wa imani. Kulikuwa kumpenda jirani.

Hata kwetu sauti hiyo ilisikika. Januari 2021, Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, Rais wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, aliandika akikumbusha kwamba Tanzania si kisiwa, na kwamba maombi yaende pamoja na tahadhari.

Jambo hili halijapita. Uganda ilipata Ebola mwaka 2022. Kagera ilipata Marburg mwaka 2023 na tena 2025. Rwanda mwaka 2024. Ugonjwa mwingine utakuja, na sisi tunaovuka kila wiki tutanyooshewa kidole kwanza.

Basi tujipange kabla. Mwenye homa akikosa gulio moja, mtaji wake unayumba. Kikundi cha kuweka na kukopa kimsogezee marejesho bila faini. Kanisa la mpakani liwe na mfuko wa chakula kwa dereva aliyewekwa karantini mbali na kwao. Mwenye kibanda asimkatalie chai kwa sababu ya namba ya gari lake. Amhudumie kwa umbali na kwa mikono safi. Na mhubiri amwambie mgonjwa waziwazi kwamba kupima si dhambi.

Yote hayo yana gharama. Ndivyo ilivyokuwa pia kwenye uwanja wa Arauna.