Darasa la Awali Linalofuata Maji

Shule za msingi za Tanzania hufungua mwaka mwezi Januari. Mwezi huohuo, huku kwenye delta ya Rufiji, nusu ya kijiji iko kwenye mashamba ya mpunga. Mwalimu wa awali anayeingia darasani siku ya kwanza na daftari lake la mahudhurio huita majina, wakaitika wachache. Wenzao wako ng'ambo ya mto, juu ya dungu, na wazazi wao.

Mimi ni mtu wa Bungoma, magharibi mwa Kenya. Nimesomea ualimu wa watoto wadogo na nikafundisha nyumbani kabla ya kuja kujitolea katika kijiji kimoja cha kata ya Salale, wilaya ya Kibiti. Jamaa zangu walidhani nakwenda kuishi karibu na mbuga za wanyama. Walipoambiwa ni kwenye mikoko, wakauliza kama kuna nchi kavu ya kusimamishia ubao. Ipo, ila mipaka yake hubadilika kila baada ya saa chache.

Mto Rufiji, ulio mkubwa kuliko mito yote ya Tanzania, ukikaribia Bahari ya Hindi hugawanyika matawi mengi yanayopita katikati ya msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000. Vijiji vimekaa kwenye visiwa na kingo za matawi hayo. Ukitoka Dar es Salaam unashika barabara ya Kilwa hadi Bungu, kabla hujafika Kibiti mjini, unakata kushoto kwenda Nyamisati, na hapo gari limekwisha kazi. Wanaokwenda kisiwani Mafia hupanda chombo cha Kilindoni. Sisi wa vijijini tunatafuta mashua au boti ya mtu anayeelekea kwetu.

Bibi mwenye nyumba niliyopanga alinipa somo la kwanza nikiwa bado na begi mkononi. "Mwanangu," aliniambia, "hapa usiulize boti inaondoka saa ngapi. Uliza maji yanajaa saa ngapi."

Saa ya maji na kengele ya shule

Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mtoto aliyevushwa kijito kwa mtumbwi Jumatatu asubuhi, kufikia Ijumaa saa ya maji imesogea kwa zaidi ya saa tatu. Saa ileile ya asubuhi anakuta tope linalomfika kiunoni. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda hadi kwenye njia za kijiji.

Kengele ya shule haiwezi kumfukuza mtoto wa miaka mitano kwa sababu ya bahari. Kwa hiyo mimi na mwalimu mwenzangu tulipanga siku upya. Nyimbo, hadithi na michezo huja mwanzo. Hesabu na herufi hungoja mitumbwi ifike. Mtaala wa awali wenyewe unataka mtoto ajifunze kwa kucheza, basi hatukuvunja kitu.

Zana za kufundishia hatukuzinunua. Kaa mmoja anatosha kwa somo la kumi: miguu minane na magando mawili. Miche ya mikoko iliyoletwa na maji inapangwa kutoka mfupi hadi mrefu. Tunda la mkomafi ndilo walilolipenda zaidi. Ni duara kubwa kama mpira, na likipasuka hutoa mbegu zenye pembe pembe zilizoshikamana barabara. Ukizitenganisha, kuzirudisha zikawa duara tena ni kazi ya kutoa jasho. Niliwaona watoto wakibishana juu ya mbegu moja asubuhi nzima bila kugombana.

Juu ya dungu

Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo shambani. Mafuriko yakija hupita chini yake, na viboko na nguruwe pori hawawafikii waliolala. Kutoka juu unaliona shamba lote, na mpunga ukianza kushika punje ndipo kazi ya kuamia ndege inapoanza. Kwerea huteremka kwa makundi, na familia isiyopiga madebe na kelele tangu alfajiri huvuna mabua. Kazi hiyo hata mtoto mdogo anaiweza. Isitoshe, nyumbani hakuna wa kumwachia.

Ukitoka mbali ni rahisi kusema wazazi hawa hawathamini elimu. Nilipovuka na kukaa nao shambani niliona hesabu yao. Mpunga ndio chakula cha mwaka na ndio sare ya shule. Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyozamisha mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti, wanayakumbuka vizuri, na wanajua mwaka bila mavuno ukoje.

Tulichofanya ni kuacha kuwapanga watoto kwa daftari tukawapanga kwa wanachokijua. Anayerudi Julai baada ya mavuno haketi na waliokwishafika kwenye silabi. Anaanza na kundi lake, na masomo ya Februari yanarudiwa. Hapo ndipo faida ya mwalimu wa ziada inapoonekana. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, lakini shule nyingi za vijijini huzidi hapo kwa mbali, na mwalimu mmoja hawezi kuendesha makundi matatu kwa wakati mmoja.

Kuzoea mahali

Nimekulia kwenye ugali na chai ya maziwa. Hapa ni wali wa nazi, kamba, kaa, hongwe na kisamvu, na chai ya rangi. Chakula nilikizoea upesi. Maji yalinichukua muda: visima vingi vina chumvi, kwa hiyo maji baridi hukingwa kwa mvua au huletwa kwa madumu, na kila kikombe kina hesabu yake. Chandarua ni lazima kila usiku. Simu huchajiwa kwa umeme wa jua, na mtandao hupatikana mahali ambapo kila mtu anapajua.

Adabu zina utaratibu wake. Asubuhi sipiti mbele ya mzee bila shikamoo, na nikiwa na haraka ndiyo kwanza ataniuliza habari za nyumbani, za kazi na za watoto. Darasani nawaitikia watoto marahaba kabla hawajakaa. Jioni wengi wao huenda madrasa, kwa hiyo sipangi shughuli za ziada saa hizo. Kanga nilijifunza kuifunga kutoka kwa akina mama wanaopepeta mpunga, walionicheka kwanza kisha wakanisahihisha.

Nani anajitolea kweli?

Wageni kujitolea ualimu Tanzania si jambo jipya. Vijana wa Peace Corps wa Marekani walianza kuja Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Wajapani walifuata mwaka 1967. Siku hizi mgeni anahitaji kibali cha ukaazi, ambacho kwa wanaojitolea huwa cha daraja C. Ujirani wetu wa Afrika Mashariki haumwondolei Mkenya utaratibu huo. Unaanzia Uhamiaji, halmashauri na afisa elimu, ndipo unafika kwa mwenyekiti wa kijiji. Anayeingia darasani kwa kujuana tu anawaweka mwalimu mkuu na watoto mahali pabaya.

Lakini wengi wanaojitolea katika shule za umma za Tanzania ni Watanzania wenyewe, vijana waliohitimu ualimu wanaosubiri ajira. Mwenzangu ni mmoja wao, kijana wa Morogoro mwenye stashahada. Wazazi humchangia mchele, samaki na fedha kidogo. Mimi nilichagua kuja na naweza kuondoka. Yeye anafanya kazi ileile akingoja jina lake litoke.

Serikali imefanya mambo makubwa. Tangu Januari 2016 elimumsingi, pamoja na awali, haina ada. Mwaka 2021 madarasa 15,000 yalitengewa fedha za Uviko-19, na kati yake 3,000 yalikuwa ya shule shikizi, zile zinazosogezwa karibu na watoto wanaokaa mbali. Kwenye delta, umbali huo unapimwa kwa mto wa kuvuka. Darasa likishajengwa linahitaji mtu wa kulikalia mwaka mzima, na hapo mimi na wageni wenzangu tunaweza kuwa sehemu ya tatizo. Mtu wa bure akiziba pengo, pengo halionekani tena kwenye karatasi za maombi ya walimu.

Kwa kijana wa Kenya, Uganda au kwingineko anayefikiria kuja, maneno yangu ni machache. Fuata sheria. Njoo kwa mwaka mzima, kuanzia Januari yenye darasa nusu hadi Desemba, kwa sababu mtoto wa miaka mitano akimzoea mwalimu kwa wiki chache kisha akamkosa, hukaa na huzuni ambayo mwalimu mwingine ndiye anayeibeba. Kaa chini ya mwalimu wa hapo, na kila zana unayotengeneza mwachie yeye. Na kwa wanaopanga ajira za walimu: delta haina uhaba wa watu wenye moyo wa kufundisha. Tayari wako darasani, wana vyeti, wanajua saa za maji na majina ya watoto. Waajirini hao kwanza.