Sasisho la Programu Dhibiti: Nani Anaamuru Mtambo?

Maji yafikayo bombani, umeme uwashao taa na unga ufungwao kiwandani aghalabu hupitia mitambo inayojiendesha. Ndani ya mitambo hiyo mna vidhibiti, yaani kompyuta ndogo zinazofungua vali, kuwasha pampu na kukata umeme bila kuguswa na mkono wa mtu. Maagizo ya msingi yanayokiongoza kidhibiti huitwa programu dhibiti. Makala hii inaeleza jinsi maagizo hayo yanavyobadilishwa, hatari iliyomo, na hatua ambazo mtumiaji anaweza kuchukua.

Kwa nini programu dhibiti husasishwa?

Hakuna programu isiyo na kasoro. Baadhi ya kasoro hubainika baada ya kifaa kuuzwa, nazo huweza kuacha mwanya wa mtu asiyehusika kuingia na kukiamuru kifaa. Mtengenezaji huuziba mwanya huo kwa kutoa sasisho, yaani toleo jipya linalochukua nafasi ya lile la zamani. Hata hivyo, mitambo ya viwandani hudumu miaka mingi, na kuisimamisha ili isasishwe ni gharama. Ndiyo maana mwanya unaojulikana huweza kubaki wazi kwa muda mrefu.

Hatari iko wapi?

Mlango upitishao dawa waweza pia kupitisha sumu. Kidhibiti kinachopokea programu mpya bila kuhakiki imetoka kwa nani kitamtii yeyote aliyeufikia mlango huo. Kinga yake ni saini ya kidijitali, ambayo mtengenezaji huiweka kwenye sasisho kwa kutumia ufunguo wa siri alionao yeye peke yake. Kifaa huikagua saini kabla ya kupokea sasisho. Faili likibadilishwa hata herufi moja, hulikataa. Vifaa vingi vya zamani viliundwa bila ukaguzi huo, kwani havikutarajiwa kuunganishwa na intaneti.

Mifano miwili

Tarehe 23 Desemba 2015, wadukuzi waliingia katika mifumo ya kampuni tatu za kusambaza umeme nchini Ukraine, wakawakatia umeme wateja wapatao 225,000. Kisha walifuta programu dhibiti halali katika vifaa vya mawasiliano vya vituo vya kupozea umeme na kuweka mbovu mahali pake. Vifaa hivyo havikuweza tena kupitisha amri kutoka mbali. Umeme ulirejea baada ya saa chache kwa kuwa mafundi walikwenda vituoni na kuwasha swichi kwa mkono.

Novemba 2023, wadukuzi walikiteka kidhibiti cha kituo cha kusukuma maji katika mji wa Aliquippa, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Huko nako wafanyakazi waliendesha pampu kwa mkono, na maji yakabaki salama. Mamlaka za Marekani zilitahadharisha kuwa vidhibiti vya aina hiyo vilikuwa na neno la siri la kiwandani, 1111, ambalo baadhi ya wenye navyo hawakulibadilisha. Mwezi uliofuata, mtengenezaji alitoa toleo jipya la programu linalomlazimu mtumiaji kulibadilisha.

Jambo hili linakuhusuje?

Vifaa vya aina hii vimo pia majumbani na katika biashara ndogo: inveta ya sola, kidhibiti cha pampu ya kisima, kamera ya ulinzi na ruta ya intaneti. Zingatia yafuatayo:

1. Kabla ya kununua, uliza mtengenezaji ataendelea kutoa masasisho ya usalama hadi lini. Nchini Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inawataka watengenezaji wa vifaa vya watumiaji vinavyounganishwa na intaneti kutaja muda huo. Hata pasipo na sheria kama hiyo, swali hili ni la haki.

2. Badilisha neno la siri la kiwandani siku kifaa kinapofungwa, na hakikisha fundi aliyekifunga habaki nalo.

3. Pokea sasisho kutoka kwa mtengenezaji tu. Usikubali faili lililotumwa kwa simu au kuletwa na mtu usiyeweza kuthibitisha alikolipata.

4. Usizime kifaa wakati kinasasishwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, kifaa chaweza kushindwa kuwaka tena.

5. Ikiwa huhitaji kukiendesha kifaa ukiwa mbali, usikiunganishe na intaneti.

6. Kifaa kisichopata tena masasisho kitenge na mtandao, au panga kukibadilisha.

Kwa upande wa mitambo mikubwa, mtumiaji hashiki ufunguo, lakini anayo sauti. Unapohudhuria mkutano wa watumiaji wa huduma za maji au umeme, uliza maswali mawili: Je, vidhibiti vyenu hukagua saini kabla ya kupokea programu mpya? Je, mfumo ukitekwa, mnao watu wanaoweza kuuendesha kwa mkono? Katika mifano yote miwili iliyotajwa hapo juu, watu wa namna hiyo ndio waliorejesha huduma au kuiendeleza.