Pikipiki ya marehemu na joto la Maskati

Shemeji yangu, Mungu amrehemu, ameacha pikipiki. Mwanawe anasoma Uingereza, hatorudi Maskati kabla ya miezi kumi, na ujumbe alioniletea ulikuwa mfupi: "Shikamoo mjomba. Ya baba isiuzwe, nitaiendesha mimi." Basi kuiweka nimekabidhiwa mimi, mwalimu mstaafu wa fizikia. Nanyi mnaofunga nyumba kiangazi kwenda Unguja au Mombasa mna kazi hii hii.

Hapa adui ni joto, na anayeumia mwanzo ni betri. Betri ya risasi na asidi hupoteza chaji hata ikikaa bure, na joto likipanda nyuzi 10 upotevu huo hukaribia maradufu. Stoo ya bati, nje nyuzi 40 na zaidi, ni tanuri. Ikiishiwa chaji ikaachwa hivyo, bamba zake hushika chumvi ngumu, na chumvi ikishaganda hata chaja haiitoi. Hapo ni kununua nyingine.

Nimeitoa, waya wa hasi kwanza. Wapo wanaodhani hii ni mila tu ya mafundi, lakini ina sababu: fremu yote imeunganishwa na hasi, kwa hiyo ukianza na chanya na spana ikagusa chuma, cheche hiyo! Kurudisha ni kinyume, chanya kwanza.

Sasa imo ndani, penye ubaridi, watoto hawaifikii. Kila mwezi naipima. Volti 12.7 imeshiba, ikishuka chini ya 12.4 naichaji kwa chaja ndogo inayojizima yenyewe, dirisha wazi na sigara mbali, maana betri ikichajiwa hutoa gesi inayowaka. Yenye vifuniko huongezwa yale maji safi yanayouzwa kwa ajili ya betri, si ya bomba.

Oili nimebadilisha kabla ya kuiweka, kwani oili chafu ina asidi inayokula vyuma. Tangi nimelijaza karibu na shingo ili lisishike kutu, nikatia dawa ya kuhifadhi petroli, nikaiwasha dakika chache ienee, kisha nikamwaga ya kwenye kabureta isije ikaganda kama gundi. Stoo yenye tangi lililojaa isikae na mtungi wa gesi, jamani.

Jirani kashauri niiwashe kila Ijumaa dakika tano. Dada kaupenda ushauri huo, nadhani anataka kuusikia tena ule mlio. Lakini dakika tano hazirudishi chaji iliyoliwa na stata, wala injini haipati moto wa kukausha unyevu uliobaki ndani ya oili na ekzosi. Nimemkatalia kwa upole.

Imesimama kwa stendi ya kati, matairi yamejaa upepo, cheni ina grisi, juu shuka la pamba linalopitisha hewa. Nailoni hufuga jasho. Mdomo wa ekzosi nimeuziba kitambaa, panya wasilale humo, na kwenye usukani nimefunga karatasi ya kumwambia kijana akitoe kabla hajawasha.