Kariakoo inachuma, uamuzi uko kwingine

Kutoka Ikulu ya Magogoni mpaka Soko Kuu la Kariakoo hapazidi kilomita tatu. Ukitoka Feri, ukaipita Posta, ukakatiza Mnazi Mmoja, umeshafika. Ndani ya eneo hilo dogo imo sehemu kubwa ya historia ya serikali za mitaa za mijini Tanzania, nayo ni historia ya kuunda na kuvunja. Baraza la Dar es Salaam limefutwa, likarudishwa, likavunjwa, likagawanywa, likafutwa tena, na kila mara wananchi waliambiwa mambo yanayofanana: limeshindwa kazi, lina ubadhirifu, ni mzigo. Hoja yangu ni kwamba madai hayo, hata pale yalipokuwa ya kweli, yalieleza matokeo na kuacha chanzo. Chanzo ni kwamba mapato ya mji huu na uamuzi juu ya mji huu havijawahi kukaa pamoja, kwa muda wa kutosha, mikononi mwa watu waliochaguliwa na wakazi wake.

Tuanze na Waingereza. Mwaka 1920 waliipa Dar es Salaam mamlaka ya mji, lakini mamlaka hiyo iliongozwa na ofisa wa serikali pamoja na wajumbe wa kuteuliwa. Mji ukawa na kanda tatu: Uzunguni upande wa bahari, ilipo Magogoni, Uhindini katikati, na Kariakoo kwa Waafrika, pale palipokuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mnazi Mmoja iliachwa wazi makusudi ili iwatenge watu. Mwenye nyumba ya vyumba sita Mtaa wa Nyamwezi au Sikukuu alilipa kodi kama kawaida, lakini lami, taa na mifereji vilianzia Uzunguni. Mwaka 1949 mji ukapandishwa hadhi kuwa manispaa, na ni mwaka 1960 tu ndipo ulipompata meya wake wa kwanza Mwafrika, Sheikh Amri Abedi, yule mshairi. Mwaka uliofuata, Uhuru ulipopatikana, Dar es Salaam ikawa jiji. Yaani wakazi wa Kariakoo waliuchangia mji kwa miaka arobaini kabla ya kuwa na sauti ya uhakika ndani yake.

Sauti hiyo haikudumu. Mwaka 1972 Serikali, ikisaidiwa na washauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, ilileta mpango wa Madaraka Mikoani. Jina lilitoa picha ya madaraka kushuka kwa wananchi, lakini walioshuka ni watumishi wa Serikali Kuu. Halmashauri za wilaya zilifutwa, mabaraza ya miji yakafuata, na kazi za mji zikaingia kwa maofisa wa mkoa ambao hakuna mkazi aliyewapigia kura wala aliyeweza kuwanyima kura. Mitaro ikaziba, taka zikarundikana, na kipindupindu cha mwishoni mwa miaka ya 1970 kikaonesha gharama yake kwa maisha ya watu. Mwaka 1978 ilibidi itungwe sheria ya muda ya kuyarudisha mabaraza ya miji, kisha zikaja sheria za mwaka 1982, na Ibara za 145 na 146 zikaingizwa katika Katiba, zikieleza kwamba serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri hadharani kwamba, kama angeanza upya, asingefuta serikali za mitaa wala kuvunja vyama vya ushirika. Kauli ya mtu mwenye uzito ule ilitosha kufunga mjadala, lakini haikuufunga.

Mwaka 1996 Serikali chini ya Waziri Mkuu Frederick Sumaye iliivunja Halmashauri ya Jiji na kuweka Tume ya Jiji iliyoongozwa na Charles Keenja. Tume ilipoondoka mwaka 2000 tuliachiwa manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, na juu yake Halmashauri ya Jiji isiyo na eneo lake yenyewe, ikitegemea vyanzo kama stendi ya Ubungo, maegesho ya magari na michango ya manispaa. Muundo wa namna hiyo ulikuwa unasubiri siku ya kulaumiwa. Siku hiyo ilifika Februari 2021, Rais Magufuli alipoivunja Halmashauri ya Jiji na kuipandisha Ilala kuwa Jiji la Dar es Salaam. Leo mkazi wa Mbagala au Mbezi anaishi Mkoa wa Dar es Salaam lakini yuko nje ya Jiji la Dar es Salaam. Katika mabadiliko yote hayo, wakazi hawakuulizwa kwa kura hata mara moja.

Kuvunjwa kwa mabaraza kunaonekana na watu huandika habari zake. Kupungua kwa kazi na mapato yake kunapita kimya, nako kumeumiza zaidi. Mwaka 2016 kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla. Ada za mabango nazo zilihamia huko huko kwa muda. Barabara za mitaa zilichukuliwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, mwaka 2017. Vikosi vya zimamoto vilivyokuwa chini ya halmashauri vilikuwa vimeshaunganishwa kuwa jeshi moja chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Tazama meza moja ya machinga Mtaa wa Kongo, yenye soksi, chaja za simu na mikanda. Mwenye meza alizoea ushuru wa kila siku wa halmashauri. Desemba 2018 kikaja kitambulisho cha mjasiriamali mdogo cha shilingi 20,000, kikigawiwa kupitia wakuu wa mikoa na wilaya, fedha zikielekea Mamlaka ya Mapato. Kwake ilikuwa nafuu kubwa, na sina sababu ya kuibeza. Lakini maboksi na mifuko iliyobaki chini ya meza ile jioni iliendelea kuwa mzigo wa halmashauri, ambayo kwenye ile 20,000 haikuwa na chake. Mkono mtupu haulambwi, na baraza lisilo na fedha haliheshimiwi na wakazi wala na Serikali.

Soko lenyewe ni ushahidi mzito kuliko wote. Jengo lililobuniwa na msanifu Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975 na kuwekwa chini ya Shirika la Masoko ya Kariakoo, lililoundwa kwa sheria ya Bunge. Usiku wa Julai 10, 2021 lilipoungua, diwani wa Kariakoo hakuwa na mamlaka juu ya shirika linaloliendesha wala juu ya zimamoto. Mei 2023 wafanyabiashara walipofunga maduka kulalamikia kero za kodi na usajili wa stoo, aliyekuja kuwasikiliza Mnazi Mmoja alikuwa Waziri Mkuu Kassim Majaliwa. Alifanya vyema kuja. Lakini soko ambalo halifunguki mpaka Waziri Mkuu asimame mbele ya umati halina chombo cha karibu cha kulisemea.

Kariakoo haiko peke yake; miji ya madini nayo imeyaona haya. Mwadui, tangu John Williamson agundue almasi mwaka 1940, ulikuwa mji wa kampuni ndani ya uzio, wenye hospitali, shule na uwanja wa ndege. Huduma zilikuwepo, ila aliyezitoa hakuchaguliwa na aliyezipokea, na uzalishaji ulipodorora mkazi hakuwa na mahali pa kudai. Geita nako, sheria ya fedha za serikali za mitaa ya 1982 iliruhusu ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo, lakini kwa miaka mingi mgodi ulilipa dola 200,000 tu kwa mwaka, kiwango kilichokubaliwa kati yake na Serikali Kuu. Ni mwaka 2014 ndipo asilimia 0.3 ilipoanza kulipwa. Waliovuta vumbi la mgodi hawakuwa mezani mkataba ulipoandikwa.

Wapo watakaonikumbusha Tume ya Keenja: haikuchaguliwa, lakini ilikusanya mapato zaidi na kulisafisha jiji. Ni kweli. Ila ilifanya kazi ikiwa na mgongo wa Serikali Kuu, jambo ambalo baraza la kuchaguliwa halijawahi kulipata kwa kiwango kile, na nidhamu iliyotegemea tume ya muda haikuwa na mizizi tume ilipoondoka. Wengine watataja ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi lililoporomoka Machi 2013 na kuua watu 36, na lile la Kariakoo la Novemba 2024, kisha waulize: vibali vya ujenzi si vya halmashauri? Pingamizi hili ni zito, na damu ile haifutiki kwa hoja. Lakini mkurugenzi anayewasimamia wataalamu wa vibali huteuliwa na Rais, na madiwani hawawezi kumwondoa. Tunawalaumu waliochaguliwa kwa kazi ya watu wasiowajibika kwao. Iko pia hoja kwamba Kariakoo ni soko la kimataifa, wateja wanatoka Kongo, Zambia na Malawi, hivyo ni la Serikali Kuu. Forodha na kodi ya ongezeko la thamani, sawa. Mtaro wa Mtaa wa Mkunguni, choo cha soko na njia ya gari la zimamoto ni mambo ya wanaolala na kufanya kazi pale.

Kwa hiyo Bunge liyaweke mapato ya kodi ya majengo mikononi mwa halmashauri, liweke bajeti ya Soko la Kariakoo mbele ya madiwani, na lipige marufuku kuvunja baraza lolote la mji bila kura ya wakazi wake. Nanyi wakazi wa Kariakoo, Gerezani, Jangwani na Kivukoni, vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi. Nendeni mkakae kwenye viti vile, msikilize mapato yanayosomwa, na muulize yaliyobaki yamekwenda wapi.