Utangulizi: Usomaji Kwanza, Faili Baadaye

Anayeanza kuhamisha CD zake za muziki kwenye kompyuta huuliza swali moja kabla ya mengine yote: nitumie MP3 ya kilobiti ngapi? Ni swali halali na litajibiwa, lakini naomba lisubiri kidogo. Sauti nyingi zinazopotea hazipotei kwenye MP3. Hupotea dakika chache kabla, pale leza inapopita juu ya CD na draivu ikakisia ilichoshindwa kukisoma. Faili iliyobanwa vibaya unaweza kuibana upya wiki ijayo. CD iliyosomwa vibaya, kisha ikagawiwa au ikaendelea kuchakaa kabatini, hairudi tena mikononi mwako ikiwa nzima. Ndiyo maana mwongozo huu umeweka usomaji mbele na aina ya faili nyuma.

Philips na Sony walikubaliana vipimo vya CD mwaka 1980, na CD za kwanza ziliingia sokoni mwaka 1982. Sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde katika chaneli mbili, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Ukizidisha unapata kilobiti 1,411 kwa sekunde, yaani megabaiti 10 na nusu hivi kwa dakika. Hapo ndipo mwisho wake. Programu inayoahidi kuipandisha CD hadi biti 24 na vipimo 96,000 kwa sekunde haiongezi sauti yoyote iliyorekodiwa. Inajaza nafasi tu.

Vipimo hivyo vimeandikwa kwa vishimo vidogo sana katika mstari mmoja unaojizungusha kutoka katikati kwenda ukingoni, wenye urefu unaozidi kilomita 5. Wengi hulinda upande unaong'aa na kuusahau ule wenye maandishi. Upande unaong'aa una plastiki ya milimita 1.2 hivi kabla ya kufika kwenye data, na leza huuvuka mkwaruzo mwepesi bila shida. Upande wa maandishi, tabaka la metali limefunikwa na vanishi nyembamba na wino, basi. Kalamu ya ncha ngumu iliyotumika kuandika jina la mwenye CD inaweza kuleta madhara ambayo vumbi la miaka mingi halikuyaleta. Na ukisafisha, futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa mstari ulionyooka. Ukifuta kwa kuzungusha, mkwaruzo utakaouacha utafuata njia ileile ya data, na leza itakaa ndani yake muda mrefu mpaka mfumo wa kusahihisha makosa uzidiwe.

Mfumo huo ni hodari. Data ya CD hutawanywa kwa namna ambayo pengo fupi huzibwa kwa hesabu, na kinachotoka ni kilekile kilichoandikwa. Pengo likizidi, draivu hutazama kipimo cha kabla na cha baada, ikaweka thamani iliyo katikati yao, ikaendelea. CD ya nyaraka au programu ina tabaka la ziada la uhakiki, kwa hiyo kompyuta ikishindwa kuisoma hukataa kunakili na kukuambia. CD ya muziki haina tabaka hilo. Ilibuniwa ili wimbo usikatike sebuleni, na kosa likifichwa vizuri msikilizaji hana habari. Sifa hiyo ni njema kwa msikilizaji. Kwa mhifadhi, ni chanzo cha matatizo yake yote.

Hapa ndipo uchaguzi wa programu unapopata maana. Programu za kawaida za kuchezea muziki husoma CD mara moja, kwa haraka, na kupokea chochote draivu itakachotoa. Programu makini hazimwamini shahidi mmoja. Exact Audio Copy ya Mjerumani Andre Wiethoff, inayotumika kwenye Windows bila malipo, ikiwekwa katika hali ya usalama husoma kila kipande cha CD, ambacho ni sehemu ya 75 ya sekunde, angalau mara mbili na kulinganisha. Majibu yakitofautiana husoma tena na tena, na ikishindwa kupata jibu moja huandika kwenye ripoti yake mahali penye shaka. Kwenye Mac ipo XLD. Kwenye Linux zipo whipper na cdparanoia. Na dBpoweramp ni ya kulipia lakini humpunguzia kazi mwenye CD nyingi.

Kuna mtego mmoja unaostahili kutazamwa kwa karibu. Draivu nyingi hutunza kumbukumbu ya muda ya kile zilichosoma punde. Programu ikiomba kipande kilekile mara ya pili, draivu inaweza kutoa jibu kutoka kwenye kumbukumbu hiyo bila leza kurudi kwenye CD. Majibu mawili yatafanana kabisa, na yote mawili yanaweza kuwa na kosa. Kwa hiyo, unapoweka mipangilio kwa mara ya kwanza, acha programu ichunguze draivu yako na kuamua namna ya kuivuka kumbukumbu hiyo. Ni kazi ya dakika chache, hufanywa mara moja kwa kila draivu, na ni mpangilio ambao mimi ningeutanguliza mbele ya mingine yote.

Ushahidi wa nje hupatikana kwa AccurateRip, hazina ya namba za uhakiki zilizokusanywa kutoka kwa watu waliosoma CD zao duniani kote. Namba yako ikilingana na ya watu wengine wenye CD kama yako, kazi imekwisha. CD za mfululizo wa Zanzibara, ambao kampuni ya Buda Musique ya Paris ilianza kuutoa mwaka 2005 kwa muziki wa Ikhwani Safaa, zilisambaa nchi nyingi na zina nafasi nzuri ya kukutwa humo. CD ya kikundi cha taarab iliyotolewa kwa nakala chache na kuuzwa mjini kwao huenda isiwemo kabisa. Hiyo isome kwa draivu mbili za aina tofauti, kisha linganisha namba za uhakiki. Zikikubaliana, unaweza kuziamini.

Sasa turudi kwenye faili. Nakala ya kuhifadhi iwe FLAC, na sioni sababu ya kusitasita. FLAC hubana bila kupoteza hata biti moja, na kwa kawaida faili hubaki nusu au theluthi mbili ya ukubwa wa awali. Namba zake kuanzia 0 hadi 8 hazihusu ubora wa sauti. Zinahusu muda ambao kompyuta itatumia kubana. Acha 5. Diski ya terabaiti 1 itabeba CD zaidi ya 2,000 kwa njia hii.

Nakala ya kurusha kwenye simu ni jambo jingine. MP3 hutupa kile ambacho sikio linatarajiwa kutokisikia kwa sababu sauti kubwa zaidi imekifunika. Udhaifu wake hujitokeza kwenye mdundo wa ghafla unaofuata ukimya: mlio wa rika, au uzi wa ganuni unapodonolewa, huweza kutanguliwa na mchakacho mdogo ambao haukuwemo studio. Kwa kilobiti 128 wengi huusikia wakielekezwa mahali pa kusikiliza. Kwa LAME, programu ya kutengenezea MP3, katika kiwango cha V2, wastani wa kilobiti 190 hivi, ni wachache. Opus, aina nyingine ya ubanaji iliyoidhinishwa mwaka 2012, hufanya vizuri kwa kilobiti 128. Usitegemee maneno yangu: programu ya kuchezea muziki ya foobar2000 ina kiongezo cha kukupima kwa siri, ukisikiliza bila kujua ipi ni ipi. Lakini MP3 itolewe kwenye FLAC. MP3 iliyogeuzwa kuwa FLAC haifufui kilichotupwa.

Majina ya nyimbo yanayoletwa na intaneti yakague moja baada ya jingine ukiwa na kijitabu cha CD mkononi. Mtunzi wa shairi na mtunzi wa muziki katika taarab mara nyingi ni watu wawili, na FLAC inakuruhusu kuwaandika wote, hata kwa herufi za Kiarabu.

Na ukifungua sanduku lako, anza na CD zilizochomwa kwa kompyuta, zile zenye rangi ya kijani au bluu upande wa kusomea. Data yake imo kwenye rangi hiyo, ambayo hufifia kwa joto na mwanga. Zilizochapishwa kiwandani zinaweza kungoja zamu yake.