Kitenzi "Kurudiana": Maana na Asili Yake

Katika vitongoji vya Kinondoni na Temeke, mume na mke walioachana kisha wakakaa tena pamoja husemwa kuwa "wamerudiana". Shina ni rudi, lenye asili ya Kiarabu radda. Likinyambuliwa kuwa rudia, laonyesha anayerudiwa, na -an- chawafanya wote wawili watendaji.

Hapo ndipo lipishanapo na rejea, nalo la Kiarabu. Katika sheria ya Kiislamu mume aweza kumrejea mke kabla ya kwisha eda ya talaka ya kwanza au ya pili, pasipo ndoa mpya. Mke hapo ni mtendwa. Kwa hiyo "amemrejea" si lazima iwe "wamerudiana".

Kandanda nayo ina mchezo wa marudiano, ila wachezaji hawaendi kupatana.