Kelele Haipiti Ukutani, Inapita Juu Yake

Nyumba nyingi zinazokarabatiwa Kimbiji, Kigamboni, siku hizi si kuukuu. Ni nyumba zilizojengwa mbiombio. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa Aprili 2016, kwenda Kigamboni kukaacha kutegemea pantoni, na wengi waliokuwa na viwanja huko wakapandisha kuta, wakapaua, wakahamia kabla ya kuweka dari. Sasa wamepata fedha kidogo na wana malalamiko mawili: mchana hapakaliki kwa joto, usiku hapalaliki kwa kelele. Fundi hujibu yote mawili kwa dawa moja: "Tuweke jipsamu." Hapo ndipo fedha zinapoanza kupotea. Joto na kelele hutibiwa kwa vitu tofauti, na mara nyingine vinavyopingana.

Tuanze na kelele, maana ndiyo isiyoeleweka. Sauti huzuiwa hasa na mambo mawili: uzito na kuziba. Uzito wa kizuizi ukiongezeka mara mbili, sauti inayopenya hupungua kwa takriban desibeli 6. Mita moja ya mraba ya bati lenye unene wa milimita 0.3 ina uzito wa kilo mbili na nusu hivi. Ukuta wa tofali za saruji za inchi 6 zisizo na tundu, uliopigwa lipu pande zote, unakaribia kilo 300 kwa eneo hilohilo. Ukuta wa namna hiyo hupunguza sauti kwa desibeli 45 au zaidi. Mtu akizungumza kawaida upande wa pili, hupaswi kuelewa neno analosema.

Basi kwa nini mpangaji wa chumba cha jirani akipiga simu unajua hadi deni analodaiwa?

Chukua ngazi upande juu. Katika nyumba zetu nyingi za vyumba vinavyotazamana kwenye korido, kuta za ndani haziendi hadi kwenye bati. Zinaishia pale kenchi zinapokaa, na juu yake ni uwazi mmoja unaounganisha vyumba vyote. Sauti hupanda, hugonga bati na kushuka upande wa pili. Silingbodi nyepesi ikiwepo hupunguza, lakini haimalizi. Chukua ukuta wa mita 3 kwa 3 wenye uwazi wa sentimita 10 tu juu yake. Uwazi huo ni kama asilimia 3 ya eneo lote, lakini unatosha kuufanya ukuta wa desibeli 45 uwe wa desibeli 15. Unaweza kuuongezea ukuta wenyewe lipu, mbao, zulia, chochote upendacho, na tofauti usiisikie.

Ukiwa hukohuko juu, tazama tofali zenyewe. Sehemu iliyo juu ya dari haipigwi lipu kwa sababu hakuna anayeiona, na ndipo utakapokuta viungo vya wima visivyo na mota kabisa. Fundi alipanga tofali, akaweka mota chini, akaendelea na safari. Subiri usiku, mtu awashe tochi upande mmoja nawe ukae gizani upande wa pili. Kila penye mwanga, hewa inapita, na hewa inapopita sauti haiombi ruhusa. Jaza viungo hivyo, pandisha ukuta hadi uguse bati, ziba migongo ya bati kwa mota laini, kisha upige lipu hata huko kusikoonekana. Kazi hii haina mvuto wa kupigia picha, ila kwa nyumba ya kupangisha sijaona nyingine inayolipa kuizidi.

Baada ya hapo ndipo jipsamu inapokuwa na maana. Bodi moja ya milimita 9 ni nyepesi mno. Weka mbili, viungo vya bodi ya juu visiangukie viungo vya bodi ya chini, na kando yote kwenye ukuta izibwe kwa silikoni kabla ya urembo wa pembeni kufungwa. Taa za kuzamisha darini, ambazo sasa kila mtu anazitaka, ni matundu. Dari yenye taa kumi na mbili za namna hiyo ina matundu kumi na mbili. Kwa chumba cha kulala mimi ningefunga taa ya kuning'inia na kuliacha suala hilo.

Mvua ina tabia yake. Matone hayapiti hewani kama sauti ya redio. Yanalipiga bati lenyewe nalo linatikisika kama ngoma. Hapa uzito wa dari husaidia, lakini husaidia zaidi kulituliza bati. Pamba ya kioo au ya mawe ya sentimita 5 hadi 10, ikigusana na bati kwa chini, hunyonya mtikisiko huo. Bati za mtindo wa vigae zenye chenga za mawe juu yake zina kelele ndogo zaidi tangu mwanzo kwa sababu hiyohiyo. Na kabla ya kununua chochote, kaza au badili misumari na skrubu zilizolegea. Kimbiji iko kwenye chumvi ya bahari, na skrubu zisizo na kinga nzuri huliwa mapema. Bati linalocheza kwenye papi hupiga makofi kila upepo wa kusi unapovuma.

Sasa joto. Tuko kama nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua la mchana hupita karibu utosini mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba. Kwa hiyo paa hupokea jua kuliko ukuta wowote. Bati la rangi nzito laweza kuzidi nyuzi 60 mchana, nalo humwaga joto hilo chini kama mionzi hata pale hewa ya darini inapokuwa si kali sana. Mionzi hiyo huzuiwa na karatasi ya aluminiamu inayotandazwa juu ya papi kabla ya bati, uso wake unaong'aa ukitazama chini kwenye uwazi wa darini. Uso uliotazama juu hujaa vumbi baada ya miaka michache na kupoteza kazi. Karatasi hiyo ikibanwa katikati ya vitu viwili bila nafasi ya hewa, ni mapambo tu. Acha pia matundu chini ya ukingo wa paa na njia ya hewa moto kutokea kwenye kofia, vyote vikiwa na wavu, la sivyo popo watahamia bila kodi.

Karatasi hiyo haizuii kelele hata kidogo, haina uzito. Na dari nzito iliyozibwa vizuri, bila karatasi wala matundu ya hewa darini, itakaa na joto hadi usiku wa manane.

Kwa wenye kiyoyozi kuna jambo moja zaidi. Maelekezo mengi ya video kutoka Ulaya yanasema nailoni ya kuzuia unyevu iwekwe upande wa chumbani. Huko chumba ndicho chenye joto na unyevunyevu. Kwetu hewa yenye unyevu iko nje, chumba ndicho kimepoozwa, kwa hiyo kizuizi kinakaa upande wa bati. Ukikigeuza, maji yatajikusanya ndani ya pamba na jipsamu itaanza madoa.

Dirisha sitalisemea mengi. Lile la aluminiamu la kusukuma huvuja sauti kwenye brashi zake, lile la bawaba lenye mpira hufunga vizuri zaidi. Lakini dirisha lililofungwa Kimbiji linakunyima upepo wa bahari, ambao ndio uliokupeleka huko. Chagua chumba kimoja cha kulala, kilicho mbali na barabara, ukizibe hicho vizuri na kukiwekea kiyoyozi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kwamba chumba cha kulala usiku kisizidi desibeli 30. Besi ya muziki wa kigodoro mtaani ni kesi nyingine. Wimbi la sauti ya mitikisiko 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 7, na jipsamu hailiwezi. Hilo ni la serikali ya mtaa na mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa kuwa kanuni za viwango vya kelele zipo tangu 2015.

La mwisho ni onyo. Trei za mayai na sponji za magodoro hupunguza mwangwi ndani ya chumba, hazizuii sauti kutoka wala kuingia. Mbaya zaidi, zinawaka. Sponji ya kuzuia kelele ndiyo iliyosambaza moto katika klabu ya The Station, Rhode Island, Februari 2003, wakafa watu 100. Huko Santa Maria, Brazil, Januari 2013, sponji ya namna hiyo iliungua katika klabu ya Kiss na watu 242 wakapoteza maisha, wengi kwa moshi wake wenye sumu. Ukiuziwa sponji ya ukutani, omba kipande kidogo, kakichome nje mbali na watu na upepo ukiwa mgongoni mwako. Kikiendelea kuwaka baada ya kuondoa kiberiti, mrudishie muuzaji mzigo wake.